Kuhusu Kuuawa kwa Dionis kwa Mchi

Ng'ambo, Tabora
Agosti, 1953

Kwa Bwana Mhariri,

Salamu zikukute mzima, na wino usikupungukie. Mimi ni Marcelina, mke wa Modest wa relini. Nimesoma darasa la tatu kwa masista, basi nikikosa adabu ujue ilifundishwa la nne.

Nalalamikia hadithi yenu ya kila wiki. Katika sehemu ya kwanza, kijana Dionis alimbebea bibi kizee furushi kutoka stesheni, akakataa hata maji ya kunywa. Siku hiyo nikajifungua mtoto wa kiume. Nikasema, huyu ni Dionis. Modest akasema, "Mke wangu, ngoja kwanza hadithi iishe." Sikungoja. Sehemu ya tatu, Dionis amekwisha kuzika wake wawili nyuma ya zizi! Na juzi alipomkaba koo mke mpya, Siwema, huyo Siwema akamtwanga kwa mchi, akafa.

Ubatizo ni Jumapili. Kwetu Unyamwezini jina haliji peke yake, huja na mwenyewe. Mama mkwe wangu, Mayu Apolinaria, amegoma kumbeba mjukuu. Anasema, "Muuaji simbebi. Mgongo wenyewe ninao huu mmoja."

Kwa hiyo naleta haya:

1. Pigo la kwanza la Siwema sina neno nalo. Mtu amekukaba, utafanyaje? Lakini mmeandika wenyewe kwamba Dionis alianguka, kisha mchi ukapanda tena. Pigo la pili lilikuwa la nini? Mtu akiwa chini hupelekwa barazani, hatwangwi kama mhogo.

2. Wale wake wawili hatukuwaona wakiuawa. Tumeambiwa na jirani tu. Labda waliugua.

3. Hata kama aliwaua, lile furushi alilibeba nani? Mtu wa namna hiyo, akipata uji wa moto na mke mvumilivu, hubadilika. Mimi naamini hivyo. Modest akinisikia hucheka mpaka analegeza mkanda.

4. Wanawake wenzangu kisimani sasa wananiita Mama Marehemu.

5. Basi naomba wiki ijayo Dionis azinduke katikati ya matanga yake, atubu, awe katekista. Siwema ashtakiwe. Ikishindikana, gazeti litangaze arobaini ya marehemu, mimi nitapika.

Nisalimie mama watoto na wote wanaopanga herufi hapo. Mwandishi wa hadithi naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, mama wa Dionis aliye hai,
Marcelina

Nyongeza: Barua hii ilikuwa inamngoja Modest aipeleke posta. Asubuhi hii natwanga mahindi uani, mtoto yuko mkekani, nikaona mwanamume nisiyemjua kwa mgongo ameinama juu yake, mikono yote miwili shingoni mwa mtoto. Nikampiga mchi wa bega, akaanguka. Kisha nikampiga tena. Kumbe ni Bernardo, mdogo wake Modest, ameshuka treni ya Urambo, anamvisha mtoto rozari, zawadi ya ubatizo. Sasa ameketi hapa na kitambaa cha maji begani, ananiuliza, "Shemeji, la kwanza nimelielewa. La pili lilikuwa la nini?"

Nimemmiminia uji wa moto, Bwana Mhariri. Mwacheni Dionis alale alipolala, na Siwema mpeni pole yangu. Mtoto atabatizwa Bernardo. Mayu amekwisha kumbeba, ila mchi ameuficha.