Ndovu Aliyekula Jina Langu

Jumatatu, 8 Agosti 1988. Tongaren.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Alipomaliza kusema alimtazama mwanangu Wekoye, si mimi. Nimeelewa. Nimekuwa mwalimu, mimi pia nilitazama dirishani nikiwa na matokeo mabaya ya mtoto wa mtu.

Jioni Wekoye aliniuliza kama kuna kitu ninachokitamani. Nilikuwa nataka kusema kuku. Mjukuu wangu Nafuna akanitangulia: ati Kuka, yaani mimi babu yake, anataka kutupeleka kwenye pango la ndovu, Mlima Elgon, atuonyeshe jina lake alilochonga ukutani mwaka wa arobaini na tisa!

Wote wakapiga makofi. Kuka akakohoa.

Basi niandike ukweli, maana muda umebaki kidogo. Sijawahi kufika kwenye pango hilo. Wala kwenye ngome ya Chetambe, Wabukusu walipopigana na Waingereza. Nilifundisha historia na jiografia mpaka nikastaafu, na yote niliyaeleza kama mtu aliyetoka huko jana. Ndovu wangu wa pangoni alianza akiwa mbali, mdogo tu. Kila mwaka alisogea. Darasa la mwisho nililofundisha, alikuwa ananipumulia shingoni.

Mpango: niende kama mwenyeji. Msumari wa inchi sita uko mfukoni mwa koti. Nikipata giza kidogo na faragha kidogo, jina litakuwepo.

Jumanne, 9 Agosti. Webuye.

Balaa asubuhi! Wekoye amenyimwa ruhusa kiwandani. Gari anaendesha mkewe, Mwihaki. Kwa hiyo kiti cha mbele si changu. Kwetu Wabukusu baba mkwe na mkaza mwana hawashikani mikono wala hawakai bega kwa bega. Mwihaki ni Mkikuyu wa Kitale, lakini desturi yetu ameishika kuliko binti zangu. Hunisalimia akiwa upande wa pili wa meza.

Nikikaa nyuma, nitasomaje vibao vya barabarani kabla ya wengine? Mwenyeji gani huyo?

Mbele amekaa dada yangu Nasipwondi. Mjane. Meno machache, ulimi mzima. Yeye peke yake anajua kwamba mwaka wa arobaini na tisa nilikuwa nyumbani, mashavu yamevimba kwa matumbwitumbwi, na uji alininywesha yeye.

Chetambe niliwaambia tukate kushoto. Tukapanda, tukashuka garini, nikaona handaki. Nikasimama ukingoni na fimbo yangu. Nikaonyesha mashujaa walipolala, wanawake walipojificha, bunduki zilipotokea. Nafuna alikuwa karibu kulia. Mama mmoja akatoka nyumbani kwake akauliza kwa upole tunatafuta nini kwenye shimo lake la udongo wa matofali. Ngome, akasema, ni kilima kile.

Nasipwondi akataka kujua, "Ati walipigana kwa matofali, Mwalimu?"

Tukaenda kilima kile. Nyasi, ng'ombe wawili, mtaro usio na kina. Chini yake moshi wa kiwanda na reli. Hadithi hii niliifundisha kwa sauti kubwa, nikipiga meza. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba kutoka juu bonde lote linaonekana. Waliwaona Waingereza wakija! Walikaa hapo na watoto wao, wakiwatazama wakija. Nilitamani kumuuliza mtu walisubiri kwa muda gani. Mtu wa kuulizwa nilikuwa mimi.

Jumatano, 10 Agosti. Kitale.

Ufumbuzi! Desturi inakataza watu wawili kukaa pamoja. Kukiwa na ukuta katikati, hizo ni nyumba mbili. Nikachukua leso ya Nasipwondi, nikaifunga kutoka darini hadi kwenye breki ya mkono. Mwihaki upande wake, mimi wangu. Nasipwondi nyuma, amenuna.

Safari tamu kabisa. Nikaona kibao, nikatangaza: Kamukuywa hiyo! Nikaona kingine: Kiminini inakuja! Nafuna akasema Kuka anaijua nchi yote.

Baada ya Kiminini askari wa trafiki, Kipruto jina lake, akatusimamisha. Akauliza nyuma ya pazia kuna mgonjwa au kuna magendo. Nasipwondi akajibu kwamba ni bwana arusi, ana haya. Askari akamuuliza Mwihaki anakionaje kioo cha kushoto. Mwihaki, asiyejua kudanganya, akasema hakioni, humuuliza Baba. Askari akamuuliza Baba. Baba alikuwa anatafuta kibao.

Kipruto akaifungua leso, akaikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mzee, hata kwetu wakwe tunawaheshimu. Lakini lori la mahindi halina mkwe."

Nimeingia Kitale nikiwa nyuma, kati ya mkungu wa ndizi na gurudumu la akiba.

Alhamisi, 11 Agosti. Mlima Elgon.

Kulinyesha usiku kucha. Tumepita Endebess, tukaingia msituni. Miti ina ndevu. Mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe kama wamevaa kwa ajili ya harusi.

Njia ya pango inapanda, nami sikuwahi kuifundisha hivyo. Nikawaambia wabaki wawatazame mbega, mimi nitangulie nikague. Msumari mkononi. Nikaenda haraka. Moyo ukakataa. Nikakaa kwenye tope laini. Halikuwa tope. Ndovu alikuwa ametangulia kukagua.

Wakanikuta hapo. Askari wa mbuga aliyekuja nao alikuwa na bunduki, hawezi kubeba mtu. Mwihaki akanitazama, mimi nikatazama mti. Akauliza, "Baba, nikubebe au turudi?"

Tangu Jumatatu kila mtu ananiuliza kama nataka maji. Huyu ameniuliza kama nataka pango. Nikasema anibebe.

Akanifunga mgongoni kwa leso ileile, kama mtoto. Nasipwondi akapiga vigelegele, mbega wakakimbia.

Nikamwambia Mwihaki, karibu na sikio lake, kwamba sijawahi kufika hapa. Akasema, huku akihema, kwamba alijua tangu kwenye matofali. Mbona hakusema? Alitaka kuona nitatokaje.

Pango! Mdomo wake ungemeza shule nzima. Ndani kuna harufu ya popo, na maji yanadondoka mahali usipopaona. Niliwafundisha watoto kwamba ni kimya. Si kimya hata kidogo. Kuta zote zina mifereji ya meno ya ndovu, mkono unaingia. Nikapapasa. Nikalamba. Chumvi kweli! Miaka yote ile nilisema ni chumvi bila kujua.

Nafuna akamulika huku na huku. Akauliza jina liko wapi.

Tochi zote zikanigeukia. Nikasema: mjukuu wangu, ndovu hula ukuta huu. Wamekula jina langu.

Nasipwondi ilibidi aketi. Nafuna akafikiri sana. Akauliza kama sasa jina langu liko ndani ya ndovu, linatembea msituni. Nikakubali. Akafurahi kuliko kama angeliona. Wakati huo msumari ukaanguka ukalia. Mwihaki akaukanyaga, akasema ni wa garini.

Jumapili, 14 Agosti. Tongaren.

Sitoki kitandani tena. Kutoka Kitale nilirudi mbele, bila pazia, na vibao sikuvisoma. Nilikuwa natazama mlima mpaka ulipoisha.

Wazee wamekuja. Mkaza mwana amembeba baba mkwe mgongoni! Wameamua kondoo achinjwe kuondoa mwiko, ndipo tushikane mikono. Mwihaki akauliza kama kondoo pia atambeba yeye.

Baada ya ibada mchungaji akaja. Akakaa karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama niko tayari kwa safari, na kama ningependa anieleze njia. Nafuna alikuwa miguuni pangu, anasikiliza.

Nikamwambia mchungaji asijisumbue. Huko nilishafika, mwaka wa arobaini na tisa, kwa matumbwitumbwi. Langoni kuna jina langu, upande wa kushoto.

Nasipwondi akatoka nje. Nafuna akauliza kukoje. Nikamwambia asogee.

Wekoye nimemwagiza jambo moja tu: koti watakalonizika nalo, atie msumari mfukoni.