Mtu wa Kuokota Mawe Uwanjani

Kinyozi, ambaye pale kwenye benchi la kahawa walimwita Profesa, alisoma habari kwenye simu kwa sauti ya mtangazaji: ndege imeruka, panga moja la feni ndani ya injini likakatika, rubani akageuza akarudi na injini iliyobaki. Abiria wote wazima.

Fundi Suti akashusha kikombe. Saa kumi jioni hiyo angepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, aende kumwona mjukuu wake wa kwanza. Tiketi ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto wa shati, na moyo ulikuwa unaigonga.

"Usiogope, fundi," Profesa akamliwaza. "Injini ni mbili. Moja ikifa, ya pili inawafikisha hadi pale mtakapoangukia."

Benchi zima likacheka.

"Moja inatosha kurudi," Kokoto akasema taratibu.

"Haya, mhandisi wa ufagio kasema," Profesa akadakia.

Kokoto alikuwa kibarua wa uwanja wa ndege. Alitembea njia ya kurukia ndege kichwa kimeinama, akifagia na kuokota mawe, misumari na vipande vya chuma. Miaka yote walimtania kwamba kaajiriwa kazi ya kuku.

Leo Fundi Suti alimsogelea. "Ndugu yangu, panga la chuma linakatikaje?"

"Huenda limechoka. Huenda injini imemeza kitu. Ile inavuta hewa, na hewa haiji peke yake. Skrubu moja tu inaweza kulitia panga pengo."

"Na sindano?" Fundi alipapasa ukosi wa shati, zilipokaa sindano zake za kushonea siku zote.

"Hata hiyo sipendi kuiona njiani."

Fundi akazichomoa zote, moja moja, akazichomeka kwenye ubao wa benchi. Profesa akahama.

"Na wewe unaokota kila kitu?"

"Ninachokiona."

Jibu halikumkaa fundi vizuri. "Usichokiona je?"

"Anakiokota mwenzangu, anapita nyuma yangu."

"Yuko wapi saa hizi?"

"Uwanjani, peke yake. Mimi niko mapumziko."

"Macho yake mazima?"

"Ana miwani." Kokoto akapuliza kahawa, hana haraka. "Ila jana aliikalia."

Fundi Suti akasimama. Akamnyang'anya Kokoto kikombe, kikiwa bado nusu, akamvika kofia yake ya kazi na kumwelekeza barabarani.

"Muache mwenzako anywe kahawa," Profesa akamtetea.

"Atakunywa," fundi akasema, akikifunika kikombe kwa kisahani. "Nikishatua."