Pengwini Aliyegeuzwa Tarehe

Ujumbe wa mkuu wa kituo cha utafiti uliwakuta watafiti watatu kwenye benchi la muuza pai, huko Dunedin: kuanzia Jumatatu, hesabu zote za pengwini zifanywe kwa lugha moja ya kompyuta. Atakayekuwa wa kwanza kumtaja pengwini mzito kuliko wote, lugha yake ndiyo itakayobaki.

Ngaire akaitua pai yake benchini. Kazi yake ya miaka yote aliiandika kwa lugha ya R, hata wakambandika jina Mama R. Ikitupwa, aanze upya kama mtoto wa chekechea!

"R imezaliwa nchini kwetu, kule Auckland!" alifoka. "Nani anafukuza mtoto wa nyumbani?"

"Mtoto mwenyewe kazeeka, dada," akacheka Tavita, aitwaye Chatu kwa kuwa Python, lugha yenye jina la nyoka huyo, ndiyo dini yake.

"Tokeni hapa! Yangu tulikuwa tunaitoboa kwenye kadi," akadakia mzee Murdoch, aliyebandikwa jina la lugha yake kongwe, Fotrani. "Ukiangusha boksi, kadi zikachanganyika, utafiti umekwisha, unakwenda kuchunga kondoo!"

"Kitendawili!" Ngaire akamkazia macho Tavita.

"Tega!"

"Mama ana watoto watano. Ukimuuliza wa mwisho ni wa ngapi, anasema wa nne."

"Sijui. Nakupa mji, chukua Invercargill."

"Huo nao mji? Ongeza!"

"Chatu huyo!" Murdoch akapiga paja. "Si anaanza kuhesabu kwenye sifuri?"

Tavita hakusikia, vidole vilikuwa vinakimbia kwenye kompyuta yake. "Nimempata! Mzito kuliko wote ni 3-6!"

"3-6 ni kifaranga, Chatu. Bado ana manyoya ya utotoni," Ngaire akamkosoa.

Tavita akachungulia kompyuta, akajishika kichwa. Alinakili hesabu za Ngaire, zinazoanzia moja, akasahau kwamba zake huanzia sifuri. Kila ndege kabebeshwa uzito wa jirani.

"Ni 3-5," Ngaire akasema, anacheka mpaka machozi. "Kundi la tatu, ndege wa tano."

Kabla hajamtumia mkuu jibu, simu zote zikalia. Mkuu: "Nimewatangulia! Nimetumia jedwali la kawaida la kompyuta, lugha ya nini? Mzito kuliko wote ni Tarehe Tatu Mei."

Murdoch akapaliwa na chai. "Jedwali limemgeuza 3-5 kuwa tarehe! Ndege kawa sikukuu!"

Ngaire akaandika taratibu: "Hongera, mkuu. Tukamkatie keki kwenye kiota kipi?"

Mkuu akajibu: "Kila mtu aendelee na lugha yake."

"Pai nyingine!" Ngaire akaagiza. "Na wewe Chatu, leo unaanza kuhesabu kwenye moja, mtu asikose pai: moja yako, moja yangu."