Mungu Aliyekataa Kuinama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepewa nafasi ya mfalme! Angeline alitangaza leo mbele ya wote, na makofi yalikuwa mazuri. Igizo la Umoja wetu wa Kiswahili hapa ughaibuni ni Jumamosi ya wiki ijayo, katika ukumbi wa kanisa Stechford. Siku inayofuata tunachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili: mimi na Hugues, dereva wa basi aliyetoka Bukavu. Yaani watu watalala wakiwa wameniona kwenye kiti cha enzi, waamke wanipigie kura. Mimi sikupanga. Mambo mengine hujipanga yenyewe.

Angeline anasomea uigizaji chuoni. Igizo kaliandika mwenyewe, kwa mtindo wa Wagiriki wa kale. Alieleza kwamba Wagiriki walipenda kumtazama mtu mkubwa ambaye si mwovu, ila ana tabia moja tu iliyomshika shingo. Nilifurahia hapo kwenye mtu mkubwa. Mengine sikuyasikia vizuri.

Nyumbani Kemunto, mke wangu, aliuliza kama nimesoma igizo mpaka mwisho. Nilimwambia mfalme hasomi, husomewa. Akaendelea kukuna nazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimesoma mpaka mwisho. Balaa tupu.

Nilikuwa kwenye basi, tumekwama Stratford Road mbele ya maduka ya nguo, kwa hiyo nilipata nafasi ya kusoma mara mbili, nikitumaini mara ya pili itakuwa nafuu. Mji umekauka. Mtabiri anamwambia mfalme kwamba maji yatarudi siku atakapoinama. Mfalme anasema ukoo wake hauinami. Anamfukuza mtabiri, anagombana na ndugu yake, anachimba visima, vyote vikavu. Kila hatua anayopiga kukwepa kuinama inamsogeza huko huko. Mwishoni yuko magotini, bila taji, analia mbele ya watu wote. Mbele ya wapiga kura wote!

Nilimpigia Angeline simu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayependa elimu, kama katika igizo zima kuna yeyote asiyedhalilika. Akafikiri, akasema labda yule mungu. Wagiriki walikuwa na mtambo wa kumteremsha mungu kutoka juu mwishoni mwa igizo, na yeye anataka kufanya vivyo hivyo. Mungu anashuka, anatangaza kwamba maji yamerudi, wote wanampigia magoti. Nikauliza kama mfalme naye hupiga. Akasema mfalme ndiye wa kwanza.

Basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwambia Angeline kwamba goti langu la kushoto halitaki sakafu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Hakuna goti linalopenda sakafu. Nikapendekeza Hugues awe mfalme, mimi nichukue mungu, nafasi ndogo tu. Alisema hakujua nina moyo wa namna hiyo. Nikasema watu wengi hawajui.

Hugues alikuja kunishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema tangu afike nchi hii hakuna aliyempa jambo kubwa akamwambia hili ni lako. Nilisikia kitu kikinichoma kifuani. Nilikunywa maji, kikapita.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mazoezi. Mchungaji kaomba mungu asiitwe mungu ndani ya ukumbi wa kanisa, aitwe Sauti ya Juu. Mimi ni yule yule.

Gedi, jirani yetu wa Sparkhill, ni fundi wa mapaa. Amefunga kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, kwenye boriti, kaniazima na mkanda anaovaa akiwa juu ya nyumba za watu. Nitapanda ngazi, nikae juu nyuma ya pazia, kisha niteremshwe kati ya mabomba mawili ya taa. Anayeshika kamba ni Kemunto. Gedi alitaka mtu mwenye mkono uliotulia, na Kemunto ni nesi.

Kuna neno moja. Gedi anasema nafasi kati ya mabomba ni nyembamba, kwa hiyo lazima niinamishe kichwa na kukumbatia magoti. Leo nilifanya hivyo. Kisha nikaona picha niliyopigwa. Nilikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kiti. Huyo si wa kupigiwa magoti, wala kura.

Jumanne, 14 Oktoba

Hugues anaigiza vizuri mno. Akina mama wamemletea pondu, kisamvu cha kwao, mazoezini. Mimi sikuletewa hata chai.

Nimempa ushauri wa kirafiki, kwamba wafalme wa Kigiriki huongea uso ukiwa umekaza, bila huzuni yoyote. Akashukuru, akajaribu. Uso ukiwa umekaza, akina mama wakalia zaidi.

Nimetengeneza miale ya jua ya kuvaa mgongoni, ya mbao, imepakwa dhahabu. Imenipanua sana. Kemunto aliuliza kama Gedi ameiona. Nilisema Gedi ni mtu wa mapaa, si mtu wa jua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niko hai. Naandika nikiwa nimekalia mto wa kulalia.

Ukumbi ulijaa. Nikiwa kule juu nilimsikia Hugues akimfukuza mtabiri, akigombana na ndugu yake. Alipolivua taji, mtu alisema "Jamani" kwa sauti ya chini, kama yuko msibani. Ikawa zamu yangu. Kamba ikalegea. Nikanyoosha mikono, nikainua kidevu.

Miale ikanasa kwenye bomba la kwanza. Nikajizungusha kwa heshima. Ikanasa na kwenye la pili.

Nilining'inia. Kisha nikaanza kuzunguka polepole, mpaka nikawapa wapiga kura wangu mgongo. Shuka nililojifunga kama vazi la mungu lilibaki kwenye bomba. Chini yake nilikuwa na kaptula ya timu ya Villa. Nikasubiri wacheke. Hawakucheka, wakidhani ndivyo ilivyoandikwa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mkanda ulikuwa unanibana mahali ambapo sitapaandika.

Kemunto aliita kutoka pembeni. Hakupaza sauti, lakini ukumbi mzima ulisikia.

"Solomon, inama."

Nilitaka kumweleza kwamba miungu haiinami. Pumzi haikutosha. Ubao mmoja wa miale ulilia kwaa, nikaangalia chini, na sakafu ilikuwa mbali kuliko siku za mazoezi.

Hapo ndipo Hugues alipotambaa kwa magoti mpaka chini yangu, akaweka viganja sakafuni, akakunja mgongo. Alinong'ona bila kuinua uso.

"Weka miguu hapa, ndugu. Usiogope. Mugongo yangu iko na nguvu."

Nikainama. Kichwa, mabega, kila kitu. Nilijikunja kama mtoto tumboni. Miale ikakatika, Kemunto akalegeza kamba taratibu, na vidole vyangu vya miguu vikaugusa mgongo wa Hugues. Sijawahi kufurahi hivyo kukanyaga kitu. Nilitakiwa kunguruma kwamba maji yamerudi. Nilisema, lakini kwa sauti ndogo, nikiwa nimeshika sikio lake.

Watu walisimama. Akina mama walilia waziwazi. Angeline naye alikuwa analia, akisema huo mwisho ni bora kuliko aliouandika. Kemunto alinifungua mkanda, akanipapasa mbavu moja moja, akahakikisha ni nzima. Kisha akaniegemezea kichwa chake kifuani, akabaki hivyo muda mrefu. Ahsante Mungu. Yule wa kweli.

Jumapili, 19 Oktoba

Uchaguzi ulikuwa adhuhuri, kabla ya ibada. Hugues ameshinda. Mikono ilikuwa mingi mpaka hawakuhesabu. Wangu pia ulikuwa juu. Mwili ulifanya wenyewe. Ajabu ni kwamba nimepumua. Mwenyekiti hupigiwa simu na kila mwenye ugomvi kutoka Sparkbrook mpaka Stechford. Sasa simu zitalia kwake, mimi nitakula chakula changu kikiwa moto.

Wakati wa ibada mchungaji alihubiri juu ya kiburi. Alisema mtu anaweza kuambiwa jambo na jirani, na mke wake, na mbingu zenyewe, asisikie. Mahubiri mazito. Kemunto alinigusa kwa kiwiko, nami nikamwelewa mara moja. Nikageuka kumtazama Hugues. Maskini, cheo hata hakijakaa vizuri, na tayari anahubiriwa hadharani. Nilimwonea huruma. Kesho nitamtembelea, nimweleze taratibu wapi anakosea.