Watu 1,838 Katika Ukumbi wa Bugene

Haba na haba haijazi kibaba. Kibaba hujazwa na taarifa. Kwa msingi huo, Kitengo cha Kuinua Usikivu wa Umma kinatangaza kwa fahari kwamba opera ya Kitaliano imepokelewa Karagwe kwa mahudhurio ya watu 1,838.

Mtakwimu ni mimi. Nina stashahada, na zilikuwa zimebaki siku tisa nithibitishwe kazini au niondolewe. Bosi wangu, Bwana Mujuni, aliweka sharti: watu elfu moja, au nirudi kwetu Nyakasimbi nikapalilie migomba.

Opera yenyewe ilikuwa video, iliyorekodiwa huko Italia mbele ya watazamaji wao. Tuliirusha ukutani katika ukumbi wa Bugene, wenye viti mia moja na hamsini na mlango mmoja. Walikuja watu thelathini na wanane. Wengine walibaki nyumbani; walikuwa wameanika kahawa, na wingu lilikuwa limetanda.

Mzee Placidius, mfugaji, alikaa mbele na fimbo yake. Ukutani, mwanamke aliyekuwa akifa aliimba dakika kumi na mbili.

"Huyu anaumwa kifua?" akauliza.

"Ndiyo, mzee," nikamjibu. "Yuko mahututi."

"Pumzi hiyo ningekuwa nayo mimi, ningeita ng'ombe walioko Kyerwa bila kuinuka hapa."

Bi Salwa, mwenye duka la vitenge, akamgeukia. "Mwache afe kwa raha zake, babu. Wewe siku yako utakohoa tu."

Watazamaji wa Italia wakapiga makofi. Bwana Mujuni, mgeni rasmi, akasimama akawapungia mkono. Wakapiga tena, akapunga tena. Kisha akaniinamia.

"Umehesabu?"

"Thelathini na wanane, mheshimiwa."

"Na hao wa ukutani?"

"Hao wako Italia."

"Opera wamehudhuria, hawakuhudhuria?"

"Wamehudhuria."

"Basi usinifundishe kazi."

Nikasimamisha picha, nikawapitia safu kwa safu kwa rula. Nilimjumuisha hata babu aliyesinzia ghorofani. Wakatimia elfu moja na mia nane. Bwana Mujuni akasaini taarifa, na Jumatatu nikathibitishwa kazini.

Jumatano wakaja wakaguzi wa usalama wa majengo kutoka mkoani. Habari za muziki hawakuuliza. Waliupima ukumbi kwa futi kamba, wakautazama ule mlango, wakasema: "Watu 1,838 uliwaweka wapi?"

"Walikaa kwa utaratibu," akajibu Bwana Mujuni.

Wakamwandikia barua papo hapo: Ijumaa awakalishe tena wote, kwa utaratibu uleule, wao wakishuhudia. Akishindwa, ajieleze kwa nini asivuliwe madaraka.

Tangu jana anazunguka Ihembe kwa bodaboda, anabisha mlango kwa mlango, anawaamkia shikamoo hata waliozaliwa juzi. Amepata watu kumi na wanne. Mzee Placidius amemwambia atakuja iwapo yule mgonjwa ameshazikwa.

Leo asubuhi ameniletea karatasi. Imeandikwa kwamba naomba radhi kwa umma kwa kosa la kihesabu.

"Ni mstari mmoja tu, binti yangu," akasema. "Nisaidie baba yako."

Nimeirudia hesabu mara tatu mbele yake. Thelathini na wanane, jumlisha elfu moja na mia nane. Kosa silioni. Radhi siombi.