Taa Kwenye Pikapu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 1 Desemba

Baridi kali. Hofu pia. Nimejifungia chumba cha kufulia kuandika haya, maana mke wangu Lorna akiniona nimeshika kalamu hujua kuna jambo.

Baba mkwe, Mzee Orval, amelazwa Tulsa. Kabadilishwa nyonga. Daktari kamwambia habari za kuendesha pikapu azisahau kabisa. Kwa hiyo lazima aiachie mtu. Wagombea ni wawili: mimi, na shemeji yangu Garland, kaka yake Lorna, anayeuza matrekta na kucheka kwa sauti kubwa. Mzee kasema ataamua akirudi Jumamosi.

Gari langu mwenyewe lilikata roho tangu Agosti. Naenda kazini na kigari cha Lorna chenye maua ubavuni. Wenzangu stoo wananiita Bi Harusi. Ile pikapu naitaka mpaka naiota.

Wiki hii nimepewa niitumie kulishia ng'ombe tu. Mzee kanipigia simu kutoka kitandani kunipa masharti. Kasema, "Sikiliza, wewe wa Lorna. Pikapu hiyo haina tundu hata moja ambalo kiwanda hakikulitoboa. Nikilikuta, nakutoboa wewe." Miaka kumi na moja ndani ya familia hii na bado sijaitwa jina. Wewe wa Lorna!

Lakini nina mpango. Jumamosi jioni ni gwaride la Krismasi. Magari yote ya mji hupambwa taa, na Garland hushinda kila mwaka. Safari hii Mzee ataketi mbele ya benki, ataiona pikapu yake ikipita, bodi lote la nyuma linawaka, mimi kwenye usukani. Machozi yatamtoka. Funguo zitakuwa zangu.

Shida moja tu. Taa zinahitaji matundu.

Jumanne, 2 Desemba

Nimetoboa. Mungu anisamehe.

Tundu la kwanza drili iliteleza, ikachora mstari mrefu kwenye rangi. Tundu la pili lilipita kwa wepesi wa kutisha. Ndipo nikakumbuka kwamba tangi la petroli liko upande uleule.

Nikazima kila kitu, nikalala chini ya gari nikinusa. Nilinusa sana. Jirani yetu Bi Twyla akapita na mbwa wake, akaona miguu, akauliza nimegongwa na nani. Nikamjibu napumzika. Akasema mume wake naye alianza hivyohivyo.

Harufu haikuwepo. Ila mimi niliendelea kuisikia mpaka wakati wa kula. Lorna alipowasha jiko la gesi nikatoka mbio hadi uani na kijiko mkononi. Kaniuliza nina nini. Nikasema mafua.

Matundu yaliyobaki nimeyatoboa nikiwa nimevaa helmeti.

Jumatano, 3 Desemba

Leo waya. Maelezo yaliyokuja na taa yanasema waya upelekwe hadi kwenye betri na uwe na fyuzi yake wenyewe. Mimi na betri hatupatani. Nikiikaribia nasikia meno yanawasha.

Lakini kwa nini nihangaike? Umeme tayari uko nyuma! Kwenye bodi kuna lile sanduku la keki, ambalo Mzee kalifunga kwa minyororo bila tundu. Keki ndivyo tunavyoita vile vidonge vinene vya kulishia ng'ombe majira ya baridi. Ukibonyeza swichi pale mbele, mota inazunguka, keki zinadondoka nyuma ya gari, na king'ora kinalia. Ng'ombe wakisikia king'ora wanakuja mbio. Kila mtu huku analisha hivyo. Nikauchuna ule waya wa sanduku, nikaunga taa zangu humohumo. Nikafunga tepu nyingi. Kazi safi!

Fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine. Ikakatika nayo. Nikaizungushia karatasi ya kung'aa ya chingamu. Haikatiki tena. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Nikabonyeza swichi. Taa zikawaka, nyekundu na kijani, bodi zima! Nilitaka kulia. Wakati huohuo king'ora kikalia na keki zikaanza kumiminika kwenye njia yetu ya kuingilia nyumbani. Mbwa wa Bi Twyla kazila hadi katapika.

Jioni malishoni. Ng'ombe walikuja mbio kama kawaida, mbele yao Bernice. Bernice ana pembe moja na chuki nyingi. Mzee kampa jina la dada yake. Sikushuka garini. Nilimwaga keki kupitia swichi, nikaondoka, na lango nikalifunga kwa kunyoosha mkono dirishani. Mnyororo umekaa hivihivi tu. Utashika.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimepata dawa. Nimeukata waya wa king'ora. Sasa nina taa bila kelele. Keki bado zinadondoka, lakini keki hazina sauti.

Nikaogopa ng'ombe hawatakuja bila king'ora na Mzee atawakuta wamekonda. Nikawasha taa tu, kimya, jua likizama. Wakanyanyua vichwa vyote pamoja. Wakaja! Wanafuata taa! Siku moja tu na wameshaelewa. Nimevumbua kitu. Nimeanza kufikiria nitakachosema gazeti likija.

Kisha Bernice akaweka kichwa dirishani. Alinipumulia usoni. Nikakanyaga mafuta kabla ya kufikiria, na lango likabaki nyuma, likiwa limefungwa kwa namna yake.

Ijumaa, 5 Desemba

Siku mbaya ya hofu tupu.

Asubuhi Garland kaja bila taarifa. Pikapu nimeifunika turubai. Kauliza mbona imefunikwa. Nikasema baridi. Kacheka hadi kapiga paja. "Shemeji, pikapu haipati mafua! Au ndiyo unaingia gwaride? Wewe? Hata tochi ukiishika inazima!" Kisha kaniambia siri kwa huruma ya uongo: mwaka huu anavuta hori la Yesu zima, majani makavu halisi, kondoo hai, na mtoto wa mchungaji wa kanisa kama malaika. Kwenye orodha anapita nyuma yangu kabisa. Kasema atanimulikia njia.

Mchana Mzee kapiga simu. Mama mkwe Opal atamleta moja kwa moja hadi mbele ya benki. Kauliza pikapu yake ikoje. Nikasema haina kipya. Kasema, "Ukisema hivyo, wewe wa Lorna, mgongo unanipata ganzi." Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Jioni Lorna kainua turubai. Sijui kajuaje. Nilitegemea kelele. Hakupiga. Katazama matundu, katazama waya, katazama karatasi ya chingamu, akavuta pumzi ndefu. Yeye kakulia kwenye ng'ombe, mimi kwenye maghorofa ya Wichita. Kasema kitu kimoja tu: "Kesho kabla hujawasha hizo taa, toa keki zote sandukuni. Zote, Wendell." Nikasema bila shaka.

Jumamosi, 6 Desemba

Niko chumba cha kufulia. Mlango nimeuwekea mashine ya kukaushia.

Keki sikuzitoa. Ningewezaje? Kuzitoa ni mpaka upande nyuma na sepetu, na magari ya gwaride yanapangwa uwanja wa rodeo, ule wa michezo ya farasi na mafahali, na uwanja wa rodeo umepakana na malisho ya Mzee. Niliona pembe moja juu ya uzio. Nikabaki ndani, milango nimeibana. Nikajiambia keki kidogo barabarani zitamdhuru nani?

Zamu yangu ikafika. Mbele yangu bendi ya shule na tarumbeta zao. Nyuma, Garland na hori lake. Nikabonyeza swichi.

Ilipendeza! Naandika hili kwa haki yangu mwenyewe. Watoto walipiga makofi. Tulipofika kwenye duka la dawa makelele yakazidi, watu wakasimama, wakaonyesha vidole. Nikapunga mkono. Nikawaza, ndiyo hii, ndiyo hii hasa. Nikatazama kioo nimwone Garland akiumia.

Sikumwona Garland. Nilimwona Bernice.

Nyuma yake wote. Kundi zima la Mzee Orval, wamejaa barabara kuu kutoka duka hadi duka, wanaokota keki na kufuata taa. Lile lango! Nikapigapiga swichi izimike. Haizimiki. Ina moto. Imeyeyuka. Moshi mwembamba ukatoka mahali penye karatasi ya chingamu, na hapo ndipo nilipoanza kuomba kwa sauti. Nikisimama, wananizingira. Nikikimbia, nawakanyaga wapiga tarumbeta. Nikaenda taratibu, nalia, napunga mkono.

Waliokosa keki walipata majani ya Garland. Walilila hori. Kondoo wakaruka chini, malaika akapanda juu ya paa la gari akaita mama yake. Garland alikuwa hacheki. Namkumbuka vizuri, hakuwa akicheka hata kidogo.

Mbele ya benki pikapu ikazimika yenyewe, taa na vyote. Kimya. Ng'ombe wakaizunguka. Bernice akaweka kidevu juu ya bodi. Na katika ule ukimya nikasikia sauti kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

"WENDELL LEROY PRUITT!"

Miaka kumi na moja nimeisubiri siku hiyo. Kaniita jina langu, na la katikati, mbele ya mji mzima. Nikashuka chini ya dashibodi nikajifunika mikeka ya mpira ya sakafuni.

Aliyetuokoa ni Lorna. Alitoka kwenye umati na koti lake la kanisani, akachukua ndoo ya chumvi ya barabarani mbele ya benki, akaimwaga chumvi, akazoa keki chache kutoka lami, akaanza kuitikisa ndoo. Hakukimbia. Hakupiga kelele. Akampita Bernice, akamgonga pua kwa kidole na kumwambia, "Nyumbani, shangazi." Wakamfuata wote, taratibu, hadi malishoni, na bendi ikawasindikiza kwa wimbo. Lango alilifunga mwenyewe.

Alipopita dirishani kwangu aliniangalia. Nilitamani anitukane. Niliona aibu, kweli niliona.

Jumapili, 7 Desemba

Ibada ya leo nimekaa nyuma kabisa. Mchungaji kasoma habari za wanyama zizini na watu wote wakageuka kunitazama.

Habari za ajabu kwanza. Majaji walidhani ilikuwa imepangwa! Zawadi ya kwanza, buti la shaba ambalo Garland hulitwaa kila mwaka, wamempa Mzee Orval kwa sababu ng'ombe ni wake. Mama mkwe Opal anasema Mzee alilia machozi, kama nilivyopanga. Ila ya kucheka, hadi wakaogopa nyonga itachomoka.

Halafu akaomba asukumwe hadi kwenye pikapu. Akayaona matundu.

Niliitwa baada ya chakula cha mchana. Familia nzima sebuleni, viazi vyangu havijashuka tumboni. Garland ana mwasho wa majani shingoni, haniangalii. Mzee katuweka mimi na Garland kwenye kochi moja kama wanafunzi watoro. Kaanza na Garland: kasema mtu aliyeshindwa kulinda hori la Yesu dhidi ya ng'ombe hafai kupewa kitu chenye magurudumu. Kisha kanigeukia.

Kasema, "Wewe, Wendell." Jina tena! "Umetoboa pikapu yangu, umeunguza waya wangu, umewafundisha ng'ombe wangu kufuata taa. Tangu jana wamejipanga kwenye uzio wanaitazama taa ya kituo cha mafuta. Nitawafundishaje tena, mimi sina nyonga?"

Nikasema sijui, baba.

Akatoa funguo mfukoni. Nikanyoosha mkono. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, naapa. Akazitupa juu ya kichwa changu, na Lorna akazidaka kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sahani.

Pikapu ni ya Lorna. Mimi naruhusiwa kupanda, ila nyuma, na niweke mikono mahali inapoonekana. Kigari cha maua sasa ni changu rasmi. Na mpaka Mzee apone, nitawalisha ng'ombe kwa miguu, kila jioni, keki kwenye toroli, mimi mwenyewe katikati yao. Nimemwomba Lorna anisindikize. Kasema Bernice hang'ati, ana tabia tu.

Nimelia kidogo hapa chumba cha kufulia. Nimekubali. Nimejifunza: umeme na mimi basi. Nimeapa.

Lakini nimetoka kulitazama lile toroli. Jua linazama mapema sana siku hizi, na Bernice ni mweusi, mtu hawezi kumwona anatokea wapi. Kwa usalama tu. Mbele ya toroli pana nafasi ya betri ndogo. Matundu mawili yanatosha, na chingamu bado ninazo.