Simu Tatu na Makopa ya Benedetta

Jumatatu, 22 Septemba

Mvua itanyesha Malaba leo saa nane mchana, uwezekano asilimia 70. Imesema apu ya buluu, iliyo kwenye simu yangu. Apu ya kijani, kwenye simu ya mke wangu Benedetta, inasema asilimia 10. Ya manjano, kwenye simu niliyoazima kwa Ikapel wa boda boda, inasema mawingu tu. Simu tatu kwa sababu yangu haina nafasi. Imejaa video za kwaya na sina moyo wa kuzifuta.

Moja kati ya hizi inasema kweli. Ifikapo Ijumaa nitaijua.

Sababu ni nzito. Benedetta na wanawake wenzake wanne wameanika muhogo nyuma ya nyumba, mabeseni manane. Jumamosi saa nne asubuhi Roselida, mwenye kinu cha unga Bumala, anakuja kuchukua makopa, yaani vipande hivyo vya muhogo, yakiwa makavu. Ni oda yao ya kwanza. Yakinyeshewa yataota ukungu mweusi, na Roselida ameshasema kuna kikundi Mundika kinasubiri nafasi. Kikundi chetu kinahitaji mtu wa kuwaambia lini waanike, lini waanue. Mtu huyo ni mimi. Bado sijawaambia.

Saa nane: jua kali. Saa tisa: jua. Buluu, sifuri.

Jumanne, 23 Septemba

Nimewaambia. Benedetta aliuliza kama hii ni kama ile ya Januari, niliponunua makoti ya mvua arobaini na mvua ikapotea hadi Machi. Nikamweleza kuwa Januari sikuwa na takwimu. Akasema sawa, Baba Yvonne, lakini makopa yakilowa, wewe ndiye utasimama mbele ya Roselida. Nimekubali. Mke mwema.

Brigid, jirani yetu anayekodisha mahema na viti, alicheka mpaka akakalia kiti cha wateja. Brigid hana apu. Kila asubuhi anatazama ng'ambo, upande wa Uganda, ulipo Mwamba wa Tororo. Mwamba ukionekana, anaanika. Ukijifunika wingu, anaanua. Basi! Nikamuuliza hiyo ni asilimia ngapi. Akajibu, "Boss Hewa, mwamba uko ama hauko."

Nimemkataza kuingia mashindanoni. Hana kipimo.

Simu zinapata moto juani. Nimechukua turubai la kikundi, nikalitundika juu ya meza yangu. Kituo changu cha hali ya hewa kinapendeza. Benedetta aliuliza makopa yatafunikwa na nini. Nikamwambia kazi ya kituo ni kuhakikisha hayatahitaji kufunikwa.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua! Saa kumi na dakika tano. Manjano ilisema asilimia 60. Kijani ilisema huenda. Buluu ilisema jua, na bado inasema jua huku maji yakitiririka kwenye paa.

Makopa yalikuwa ndani tangu saa tisa na nusu. Brigid alipiga kelele kwamba mwamba umepotea, wanawake wakakimbia na mabeseni. Bahati tu.

Nilikinga mvua kwa sufuria ya chai, nikapima kwa rula. Milimita 11. Benedetta anasema nne kati ya hizo ni chai ya asubuhi. Nilipogeuka kuchukua kalamu, bata wa Brigid akanywa ushahidi wote. Nimeandika 11.

Alhamisi, 25 Septemba

Nilikwenda kwa Winny, fundi wa simu pale stendi, kumuuliza kwa nini apu zinagombana. Alizichunguza dakika mbili. Buluu niliiweka Aprili nikiwa Busia mjini, na tangu hapo inasoma hali ya hewa ya Busia. Simu ya Ikapel ina laini ya Uganda, kwa hiyo manjano inadhani iko Tororo. Kijani peke yake ndiyo iko Malaba. Winny akaniambia, mzee, hujalinganisha apu, umelinganisha miji.

Akajitolea kuzirekebisha zote zisome Malaba. Nimekataa. Kubadilisha kanuni katikati ya mashindano ni dhuluma. Tena kuna jambo: labda buluu imekuwa ikisema kweli wiki nzima, kule Busia! Nimeionea bure. Kesho nakwenda kuhakikisha.

Ijumaa, 26 Septemba

Makopa yanahitaji jua la mwisho. Kijani: asilimia 5. Nimewaambia wanawake waanike yote manane. Brigid akasema mwamba umevaa kofia. Nikamjibu kofia si takwimu. Turubai nimelifungia stoo lisiibiwe. Ufunguo mfukoni, simu tatu mfukoni, Ikapel akanipeleka Busia.

Saa saba na nusu, Busia. Buluu: jua, mvua asilimia 0. Juu: jua, hakuna hata kiwingu. Sahihi kabisa! Nikainua mikono yote miwili kando ya foleni ya malori. Dereva mmoja akadhani namsimamisha, akafunga breki.

Saa nane kasoro dakika kumi, simu ya Benedetta inalia. Jina: Brigid. Nikakata, nasubiri kipimo cha saa nane. Ikalia tena. Nikakata. Mara nne! Huyu mama hana subira.

Saa kumi na nusu, Malaba. Ardhi imelowa. Nyuma ya nyumba yangu limesimama hema la harusi la Brigid, lile jeupe lenye maua. Chini yake mabeseni sita. Mawili yako nje ya hema, yamejaa maji.

Hakuwa Brigid aliyepiga. Alikuwa Benedetta, ameazima simu ya Brigid, anatafuta ufunguo wa stoo. Alipiga namba yake mwenyewe kwa sababu ndiyo pekee anayoijua kwa kichwa.

Hakunifokea. Alinyoosha mkono, nikampa simu yake. Akanyoosha tena, nikampa ufunguo. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani, na viganja vimechubuka kwa kuvuta kamba za hema. Nilikuwa nimepanga kuandika matokeo ya Busia hapa. Nitayaandika siku nyingine.

Jumamosi, 27 Septemba

Roselida alifika saa nne na dakika kumi na mbili. Akavunja kopa, akanusa, akatafuna. Anachukua mabeseni sita. Mawili, hapana.

Nilisimama mbele yake kama nilivyoahidi. Nikaeleza yote: Busia, Tororo, asilimia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akamgeukia Benedetta, akauliza kama huyu ndiye mume. Benedetta akasema ndiye, na kwamba huwa anamaanisha mema.

Uamuzi wa Roselida: atarudi Jumamosi ijayo, tarehe 4 Oktoba, saa nne. Akikuta mabeseni mawili mapya, makavu na meupe, oda ni ya kikundi hadi Desemba. Asipokuta, anakwenda Mundika.

Benedetta amenikabidhi hayo mawili. Kumenya, kukata, kuanika, kuanua, peke yangu. Amenirudishia na ufunguo wa stoo, maana turubai sasa ni jukumu langu. Hataki kusikia neno asilimia ndani ya nyumba hii.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemenya muhogo tangu tutoke kanisani. Vidole viwili vina plasta. Benedetta alipita, akatazama, akaniachia kikombe cha chai. Chai ilikuwa na maziwa mengi. Nadhani nimesamehewa, robo hivi.

Jioni Brigid alikuja, akanishika mabega, akanigeuza upande wa Uganda. Akasema hiyo hapo apu yako, boss, na haili bando.

Nimekubali. Nimekubali kwa moyo wote! Mwamba umepatia mara mbili kati ya mbili. Apu nimezifuta, ya buluu na ya kijani. Simu ya Ikapel nimeirudisha na manjano yake ndani. Kuanzia leo mimi ni mtu wa mwamba.

Ila mwamba una kasoro moja. Uko mbali. Kutoka hapa naona upande mmoja tu. Upande wa pili una wingu gani? Brigid hajui. Miaka yote hiyo hajawahi kujiuliza! Anayetaka usahihi lazima autazame mwamba kwa karibu.

Kesho Jumatatu, tarehe 29, nitaanika mabeseni yote mawili alfajiri. Saa mbili asubuhi Ikapel ananivusha mpaka. Nitakaa chini ya mwamba hadi saa kumi jioni, nikiandika kila nusu saa. Turubai nimelifungia stoo lisiibiwe. Ufunguo ninao.